Wametuonyesha picha ya minara. Sisi tuwaonyeshe nini?

*"Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa chama cha wakazi katika mtaa wa nyumba za kaunti, zile za zamani za chumba kimoja na viwili zilizojengwa enzi za mkoloni. Kwa hesabu ya kaunti tuko kaya 180. Mwezi uliopita tuliitwa ukumbini tukaonyeshwa picha ya minara ya ghorofa ishirini na kitu, nyumba 1,400, tukaambiwa mwekezaji yuko tayari na sisi wenyeji tutapewa kipaumbele. Kwenye picha sikuuona uwanja wa watoto, wala vibanda vya akina mama, wala mwarobaini ulio karibu na bomba la maji. Tulitia sahihi karatasi ya mahudhurio, tukanywa soda, tukaenda zetu. Hatupingi maendeleo, nyumba zenyewe zinavuja. Tunataka mpango bora kuliko huu. Je, mpango hubadilika kweli, au tutakuwa tunapiga kelele tu? Tuanzie wapi? Tunahitaji wakili? Na kuna majirani wanaosema tukinyamaza tutapewa nyumba mapema."*

Marahaba, mwanangu. Jina la mtaa na la mji nimeyaacha nje kama ulivyoomba.

Nianze na hiyo karatasi ya mahudhurio, maana ndiyo iliyonifanya nichukue barua yako kabla ya nyingine. Kwa miaka mingi nilikaa upande wa pili wa meza, upande wa wanaoleta picha ukumbini, na safari ya karatasi ile naijua. Ikitoka mikononi mwenu ina kichwa kinachosema "waliohudhuria". Ikifika kwenye ripoti imekuwa kiambatisho, na mbele yake kuna sentensi kwamba wakazi walishirikishwa na wakaunga mkono mradi. Niliwahi kufungua kiambatisho cha namna hiyo nikakuta jina la mzee ambaye mazishi yake nilihudhuria mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo kabla ya bango, kabla ya kumpigia simu mwandishi wa habari, andikeni barua ya ukurasa mmoja wiki hii. Semeni mlihudhuria mkutano wa tarehe fulani, mlionyeshwa picha, hamkupewa ramani, ripoti wala rasimu ya mkataba, na sahihi zenu ni za kuhudhuria tu, hazina maana ya kukubali. Kisha orodhesheni hati mnazozitaka ili mtoe maoni. Ipelekeni idara ya mipango ya ardhi ya kaunti, na nakala kwa idara ya nyumba, karani wa bunge la kaunti, mwakilishi wa wadi, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Msikubali kuambiwa "iache tu hapo mezani". Mkutanoni tena, mtu akiletewa karatasi aandike kando ya jina lake: nimehudhuria, maoni yangu nitayaleta kwa maandishi.

Utaniuliza kama karatasi inaweza kweli kusimamisha mradi. Tazama Lamu. Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni kwa kampuni ya Amu Power kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, mradi mkubwa uliokuwa na baraka za serikali kuu. Wakazi chini ya mwavuli wa Save Lamu wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni. Miongoni mwa sababu, ile iliyobeba uzito mkubwa ilikuwa hii: mikutano iliyofanywa ilikuwa ya kutambulisha mradi tu. Utafiti ulipokamilika na athari zikajulikana, watu hawakurudiwa kuelezwa na kupewa nafasi ya kuzijibu. Linganisha na mkutano wenu wa soda. Mlionyeshwa picha kabla ya utafiti. Huo ni utambulisho, na kazi yenu ni kuhakikisha faili inasema hivyo.

Kanuni za tathmini ya athari za mazingira za mwaka 2003 zinataka mengi zaidi kwa mradi unaofanyiwa utafiti kamili: mabango katika sehemu za wazi karibu na eneo, tangazo kwenye gazeti la nchi nzima kwa wiki mbili mfululizo, tangazo la redio kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu na wale watakaoathirika. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 115, inasema kushirikisha umma katika mipango ya kaunti ni lazima. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliitupa sheria nzima ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo mkiuliza mnashirikishwa vipi, wala msijione mnaomba fadhila.

Sasa swali lako kubwa. Ndiyo, mpango hubadilika, lakini kinachoweza kubadilika kinategemea mmefika siku gani. Kabla kaunti haijafunga mkataba na mwekezaji, kila kitu kiko mezani: idadi ya nyumba, nani anarudi, kwa bei gani. Mkataba ukishatiwa sahihi lakini maombi ya kibali cha ujenzi hayajapita, bado mnaweza kusogeza majengo, kuokoa uwanja, kupunguza ghorofa kidogo. Kibali kikitoka, mnabaki na masharti: saa za kazi, vumbi, ukuta, njia ya wanafunzi. Tingatinga likishaingia mnabaki na mahakama na fidia. Nimeona vyama vingi vya wakazi vikifika hatua ya tatu na madai ya hatua ya kwanza, kisha vinasema serikali haisikii. Ninyi, kwa maelezo yako, mko kati ya ya kwanza na ya pili. Mna bahati, ila dirisha hilo halikai wazi muda mrefu.

Ndiyo maana barua ya kuomba hati isisubiri. Ombeni makubaliano yoyote kati ya kaunti na mwekezaji, hata kama ni rasimu. Uamuzi wa bunge la kaunti au wa kamati tendaji ya kaunti, yaani gavana na mawaziri wake, ulioidhinisha mradi. Ramani ya upimaji ya kiwanja. Ramani za majengo zilizo na vipimo. Barua ya kampuni ya maji inayosema maji na maji taka yatatoshaje. Ripoti ya mazingira. Na sajili ya wapangaji ambayo kaunti inaitumia. Ibara ya 35 ya Katiba inawapa haki hiyo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Wakinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman. Haihitaji wakili wala ada.

Wakati mnasubiri siku 21 zipite, hesabuni watu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mitaa mingi hushindwa au hushinda.

Kaunti inasema kaya 180. Hiyo ni idadi ya milango iliyo kwenye sajili ya kodi. Wewe unaishi huko, unajua nyuma ya kila mlango kuna nini. Kuna chumba cha mabati kilichoongezwa uani miaka ya tisini, kimepangishwa kwa kijana wa bodaboda na mkewe. Kuna nyumba ambayo sajili bado inamtaja marehemu, na anayelipa kodi ni mjane au mjukuu. Kuna aliyehamia shamba na kumkodisha mtu mwingine nyumba ya kaunti kwa bei mara nne. Kuna mama mwenye meza ya samaki ambaye halali hapo kabisa, lakini mkate wake wote uko hapo. Siku ya fidia itakapofika, hawa ndio watakaogombana, na mwekezaji atasimama kando akitazama.

Kwa hiyo amueni wenyewe kwanza, kabla hamjaulizwa: mpangaji wa mpangaji ana haki gani kwenu? Najua ni mazungumzo machungu. Mwenye jina kwenye sajili ataona kama mnamnyang'anya. Lakini mkimwacha nje yule wa chumba cha mabati, mmemwachia mwekezaji watu mia moja wasio na la kupoteza, watakaokubali shilingi elfu kumi wahame leo na kuacha pengo katikati ya mtaa wenu. Mtaa mmoja niliousaidia ulikubaliana kwamba mwenye sajili anadai nyumba, na mpangaji wake anadai pesa za kuhama na nafasi ya kupanga kwanza nyumba za bei ya chini. Haikuwapendeza wote. Ilitosha kuwaweka chumba kimoja.

Hesabu yenyewe ifanyeni nyumba kwa nyumba, kwa fomu moja: nani anaishi hapa, tangu mwaka gani, risiti ya kodi ya zamani kabisa aliyo nayo, watoto wanasoma wapi, kuna mlemavu au mzee asiyeweza ngazi, anafanya kazi gani na wapi, analipa kodi kiasi gani. Kila nyumba ipewe namba, namba ichorwe ukutani kwa rangi na iandikwe kwenye ramani. Taarifa za watu mzitunze. Fomu zisizunguke kwenye WhatsApp.

Mfano mkubwa wa kazi hii uko Nairobi. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, yaani Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango. Hilo lilikuja baada ya Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao kukusanya takwimu zao wenyewe kwa miaka. Zaidi ya kaya laki moja zilipangwa kwa makundi ya nyumba kumi kumi, kila kundi likatoa mtu wa kulisemea, na mashirika na vyuo vikuu vikagawanywa kwa mada: maji, afya, elimu, ardhi, fedha. Kama kaya laki moja ziliweza kukaa kumi kumi, kaya 180 ni makundi 18. Barabara kadhaa, maji na maji taka vilifuata. Sitakudanganya kwamba yaliisha vizuri kila mahali: mwishoni mwa 2021 sehemu za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara na maelfu wakalala nje. Mpango wa wananchi haumzuii kila mwenye tingatinga. Lakini bila mpango ule, waliobaki wasingekuwa na pa kusimamia.

Baada ya watu, pigeni hesabu ya kiwanja. Nitakupa njia ninayoitumia mimi, haihitaji kompyuta. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Chukua theluthi moja tu ijengwe, theluthi mbili zibaki njia, uwanja, miti na magari. Hiyo theluthi ni mita 1,349. Zidisha kwa ghorofa sita: 8,094. Toa asilimia 20 ya ngazi, kuta na korido: zinabaki kama 6,475. Gawanya kwa nyumba ya mita za mraba 50, yenye vyumba viwili vya kulala: nyumba 129 kwa ekari. Kama kiwanja chenu ni ekari saba, hizo ni nyumba 900 na ushee, na hakuna mnara hata mmoja. Majengo yakipangwa kuzunguka ua badala ya kusimama peke yake katikati ya maegesho, mama anamwona mtoto akicheza kutoka dirishani.

Umeona sasa mazungumzo yamekuwa ya nini? Yamekuwa ya nyumba 500 kati ya 900 na 1,400. Mkifika ofisini mkisema "hatutaki minara", afisa atawajibu kuwa nchi ina upungufu wa nyumba, na atakuwa na haki. Mkifika mkisema "hapa panaingia nyumba 900 za ghorofa sita, uwanja ukiwa palepale, tuonyesheni kwa nini hesabu yenu inahitaji 500 zaidi", lazima afungue faili. Na kuuliza hivyo ndiko kuuliza fedha. Kwa kawaida kaunti inaleta ardhi, mwekezaji analeta mtaji, nyumba za kuuzwa kwa bei ya soko ndizo zinazolipia zenu. Ulizeni ni ngapi zinauzwa, kwa bei gani, riba ya mkopo ni kiasi gani, gharama ya ujenzi kwa mita ni kiasi gani. Pengine zile 500 zinahitajika kweli. Pengine zinalipia ghorofa mbili za maegesho chini ya ardhi ambazo hakuna kati yenu atakayezitumia. Sijui mpaka karatasi zitoke, na ninyi pia hamjui, kwa hiyo msiwaite wezi kabla hamjaziona.

Maoni yangu binafsi: msikwamie kwenye idadi ya ghorofa. Hasira ya mitaa mingi huishia hapo kwa sababu urefu unaonekana kwa macho. Mimi ningepigania zaidi gharama ya kuishi humo. Ghorofa ishirini ni lifti, pampu za maji, pampu za zimamoto, jenereta, walinzi, na vyote vinalipwa kila mwezi kupitia ada ya huduma. Anayelipa kaunti kodi ya shilingi elfu mbili na kitu leo anaweza kupewa nyumba kwa mkono wa kulia na kunyang'anywa na ada hiyo kwa mkono wa kushoto, bila mtu yeyote kumfukuza. Ghorofa sita nazo zinahitaji lifti, sikatai. Ila stima ikipotea, wa ghorofa ya tano hupanda akalalamika. Wa ghorofa ya 18 huketi kwenye ngazi na ndoo yake. Ulizeni ada itakuwa shilingi ngapi, iandikwe, na ulizeni nani atamiliki ngazi, ua na paa. Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 inawataka wenye nyumba wawe na chombo chao cha kusimamia sehemu za pamoja; hakikisheni mmo ndani yake kwa kura, msiwe wapangaji wa kutazama.

Maji pia. Nyumba 1,400 zenye watu wanne wanne ni watu 5,600. Kwa lita 50 kwa mtu kwa siku, ambazo ni kidogo, ni lita 280,000 kila siku, sawa na malori 28 ya maji ya lita elfu kumi. Bomba lenu la sasa lilitandikwa kwa ajili ya kaya 180, na nadhani mnajua linavyolia hewa asubuhi. Bomba la maji taka ni vivyo hivyo, na likifurika halitachagua mwenyeji na mgeni. Swali hili lina faida moja nyingine: mitaa jirani, ambayo haijali mkihamishwa, italijali sana.

Kwa kuwa kwenu kuna joto, mwambieni mchoraji aonyeshe upepo unapitia wapi. Majengo marefu yakipangwa kama ukuta, nyumba za nyuma zinakuwa tanuri. Hili hupita haraka ofisini kwa sababu kulirekebisha kwenye karatasi hakugharimu kitu.

Sasa neno "kipaumbele". Mwanangu, hilo neno halina namba ndani yake. Kipaumbele cha kununua kwa bei gani? Kwa rehani ya benki ambayo muuza samaki hawezi kuipata? Kabla hajahama hata mtu mmoja, nataka muone mkataba ulio na majina yenu yote kama kiambatisho, namba ya nyumba ya zamani na ukubwa wa mpya, bei au kodi kwa tarakimu, namna ya kulipa pole pole, nani anarithi mpangaji akifariki kabla ya kurudi, na wazee kupewa ghorofa za chini. Pesa za kodi mkiwa nje zilipwe hadi siku funguo zinapotolewa, hata kazi ikichelewa. Wakiwapa fungu moja la miaka miwili, mwaka wa tatu utaulipa wewe. Na kuwe na dhamana ya benki, ili mwekezaji akikimbia msibaki na shimo.

Kwa nini nasisitiza? Dar es Salaam, wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, nyumba zao zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ahadi ya kujengewa mpya. Kiwanja kilikaa tupu miaka. Ilibidi Rais Magufuli aingilie kati mwaka 2016, na nyumba zilizinduliwa na Rais Samia Machi 2022. Walirudi, na hilo ni la kushukuru, lakini mtoto aliyeondoka akiwa darasa la kwanza alirudi akiwa kijana. Kibera, wakazi wa sehemu ya Soweto Mashariki walihamishiwa nyumba za muda kule Lang'ata mwaka 2009, na nyumba 822 zikakabidhiwa mwaka 2016. Miaka saba, na hao walikuwa na nyumba za muda zilizojengwa na serikali. Ninyi mmeahidiwa nini cha muda? Hukusema, kwa hiyo nadhani hamkuahidiwa.

Ndiyo maana dai langu la kwanza lingekuwa jenga kwanza, bomoa baadaye. Jengo la kwanza lisimame, watu wahamie moja kwa moja, ndipo safu inayofuata ibomolewe. Hapa kuna mtego ambao lazima muuone mapema: mahali patupu pekee mtaani ni ule uwanja mnaoupigania. Mwekezaji atawaambia, kwa sauti ya upole kabisa, "basi tuanzie uwanjani". Mkikubali, uwanja umekwenda na haurudi. Bora mtafute safu moja ya nyumba zilizochakaa zaidi, kaya 20 hivi, wahame hao kwanza wakilipiwa kila kitu na wakiwa na haki ya kuchagua nyumba kabla ya wengine. Kutafutia kaya 20 pa kukaa ni kazi ndogo. 180 kwa siku moja ni msiba. Safu ipi, hilo mlijadili ninyi, asije mgeni akawachagulia.

Kuhusu wakili. Kwa sasa mnamhitaji zaidi mpimaji na mtu wa kuchora. Vyuo vikuu vyetu vina idara za mipango miji, Nairobi na kwingineko, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho hutafuta mitaa ya kufanyia kazi. Mwandikieni mkuu wa idara. Mchoro wao hautakuwa kamili, lakini utakuwa na vipimo, na mbele ya afisa wa mipango mchoro wenye vipimo hufanya kazi ambayo mabango hamsini hayafanyi. Nasema hivi nikiwa nimewahi kuwa afisa huyo. Waandamanaji niliwaonea huruma, kisha nikaendelea na kazi. Waliokuja na karatasi ya vipimo niliwaogopa, kwa sababu nililazimika kuwajibu kwa maandishi.

Wakili mtafuteni mapema ili awe tayari kwa mambo mawili: kusoma mkataba kabla ya sahihi, na kukimbiza tarehe. Tarehe ni fupi mno. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayeomba kibali autangazie umma na kuualika ulete pingamizi. Kibali kikitolewa na hamkuridhika, mna siku 14 tu za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, na kutoka hapo mnaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA ina siku 60 za kukata rufaa kwenye lile Jopo lililosikiliza kesi ya Lamu. Siku zinahesabiwa tangu uamuzi, na hakuna mtu atakayekuja kugonga mlango kukujulisha. Teueni watu wawili, pengine wastaafu wenye nafasi, kazi yao iwe kwenda ofisi ya mipango kila Jumatatu kuuliza kama kuna maombi ya kibali kwa kiwanja chenu. Wataonekana wasumbufu. Ndiyo kazi yenyewe.

Mahakama yenyewe iwekeni mwisho wa foleni. Wakazi wa Mitu-Bell, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walibomolewa Novemba 2011. Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi mwema kuhusu haki yao ya makazi Januari 2021, uamuzi ambao mawakili wanaunukuu hadi leo. Ni karibu miaka kumi, na nyumba zilikuwa zimekwisha kuanguka siku ya kwanza.

Wale majirani wa "tukinyamaza tutapewa mapema" msiwatenge. Mara nyingi kuna mtu amewanong'oneza, na mara nyingi ahadi ile ameipewa kila mmoja peke yake. Waombeni waje nayo kwa maandishi mbele ya wote. Vijana wanaotaka vibarua vya ujenzi nao wana haki. Ingizeni kwenye madai yenu kwamba sehemu ya ajira itoke mtaani, na watakuwa upande wenu. Na wewe katibu, pamoja na mwenyekiti wako, msikubali kamwe kuitwa wawili hotelini "kwa mazungumzo mafupi". Hata mkirudi mikono mitupu, hakuna atakayeamini. Nendeni watano, wawili wao wasiwe viongozi, na kumbukumbu zisomwe kwa sauti jioni ileile chini ya mwarobaini.

Naam, huo mwarobaini. Uliutaja kama jambo dogo, ukaupitia haraka, lakini kwangu ndio mfano wa yote. Kwenye ramani ya mwekezaji haupo, na kisichokuwepo kwenye ramani hakihitaji sababu ya kukatwa. Siku mtakayopima nyumba, upimeni na wenyewe: zungusheni futi kwenye shina usawa wa kifua, pimeni kivuli chake saa sita mchana, pimeni umbali wake kutoka kwenye bomba na kutoka ukuta wa nyumba ya karibu, mwandike na nani hukaa chini yake na saa ngapi. Upeni namba kama nyumba nyingine yoyote. Kama namba za milango zinaishia 180, wenyewe uwe 181.